Jezi Yangu Imebaki Ipole

Jezi ile niliiagiza Kariakoo, ikaja na basi, na bei yake mke wangu mpaka leo anaijua nusu. Bluu iliyokolea, mabega meusi, mbavu nyeusi, mifuko mitatu mgongoni. Nilipoivaa mbele ya kioo nikajiona nimeshakwenda Ipole na kurudi.

Ndiyo ilikuwa safari yenyewe, ya baiskeli: kutoka Tabora mjini, Sikonge, hadi Ipole, kisha tunageuza. Kama kilomita 200, siku moja, watu kumi na wawili. Kapteni wetu (ukapteni wake unatokana na kumiliki filimbi) ni mtu wa kusoma mambo ya baiskeli usiku wenzake wamelala. Tulipoanza kunung'unika akatuambia Wafaransa wana safari yao ya Paris–Brest–Paris, waliianza mwaka 1891, kilomita 1,200, na siku hizi mwendeshaji anapewa saa 90 tu. Kwa kilomita 200 wenzetu hao wanapewa saa 13 na nusu. "Nasi tutakwenda kwa saa hizohizo," akasema. Mimi nikawaza kimoyomoyo kwamba mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa hapahapa Kwihara wiki kadhaa, wakaagana, kila mtu akashika njia yake, na hakuna aliyewalaumu kwamba hawakwenda Ipole na kurudi siku moja.

Tukaondoka saa 11 alfajiri, taa zimewaka kwa mstari kama karabai za wavuvi wa dagaa wa Kigoma. Mifukoni kila mtu na chake: karanga, matobolwa (viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa), ndizi. Mwalimu alikuwa na ndizi sita.

Sasa lazima nieleze ishara, maana ndizo zilizoniponza. Baiskeli za msafara zinakwenda kwa kufuatana, tairi la mbele nusu mita kutoka tairi la mwenzako. Wa kwanza anapasua upepo, walio nyuma wanajificha humo na kupumzika, kisha mnapokezana. Raha tupu, ila wa nyuma haoni barabara. Anaona makalio ya mwenzake na mikono yake, basi. Kwa hiyo mikono ndiyo inasema. Kidole chini kushoto: shimo kushoto. Kupunga mkono nyuma ya mgongo: hameni, kuna kitu pembeni. Kutikisa kiwiko: nimechoka, pokea upepo. Mkono juu: simama! Kapteni alitukaririsha kama watoto wa chekechea.

Mpaka Sikonge mambo yalikuwa mazuri. Tukapita kwa mama lishe mmoja, tukaagiza kabisa chakula cha kurudi: ugali, kuku wa kienyeji na mlenda wa karanga. Tukasonga.

Baada ya hapo miombo inakubana kushoto na kulia. Nikasikia kitu begani kama sindano ya hospitali, ile ya enzi za kuchemshwa. Mimi ni mtu wa pwani. Mbu namjua, tumekua pamoja. Mbu anakuja na wimbo, anakupa nafasi ya kujiandaa. Mbung'o hana salamu. Anatua, anatoboa jezi, anatoboa na wewe. Nikapiga bega la kushoto. Akatua wa mbavuni, nikampunga. Mwingine kiwikoni, nikatikisa. Mwingine shingoni, huyo nikamnyanyulia mkono juu nimshukie kwa hasira zote.

Ukizitafsiri ishara zangu kwa lugha ya msafara, nilikuwa nimesema: shimo, hameni, nimechoka, simama!

Mwalimu akabana breki zote mbili. Aliyekuwa nyuma yake akahama, kwa kuwa nilisema hameni. Nesi wetu, ambaye ndiye mwenye miguu kuliko sote, akaja kasi kupokea upepo, akakuta Mwalimu amelala njiani, akapitiliza majanini. Watatu chini. Hakuna aliyeumia isipokuwa ndizi. Mwalimu aliziangukia kwa mgongo, na kuanzia hapo hadi Tabora alinukia kama jikoni kwa mtoto mchanga.

"Wewe," Kapteni akasema, hata jina langu hakulitaja, "kaa mkiani."

Nikakaa mkiani. Baada ya kilomita mbili akageuka, akatazama, akasema, "Rudi nyuma zaidi. Mita thelathini." Nikadhani ni adhabu. Nikaikubali kiume, nikiwa peke yangu na wingu langu la mbung'o, huku wenzangu wakipiga soga na kucheka kule mbele. Kumbe wamegundua kwamba nikiwa mbali, kwao hakuna mbung'o hata mmoja. Nesi alikuja kunikiri baadaye: "Tulipumzika kweli, kaka yangu. Mungu akuzidishie." Ndiye huyohuyo aliyenikagua mgongo, akaniambia si kila mbung'o ana ugonjwa wa malale, ila nikipata homa siku zijazo nisijitibu na vidonge vya dukani, niende nikapimwe damu.

Ipole tulifika saa 4 asubuhi. Chini ya mwembe palikuwa na mzee anauza asali, chupa kwa chupa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Kisarawe, mzee."

"Mzaramo!" Akapiga makofi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi za misafara ya wapagazi, kwa hiyo nilijua sina pa kukimbilia. "Basi sikushangai. Hebu mtani, nani kakuvalisha mtego?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mbung'o anapenda kitu kinachotembea, na kati ya rangi zote anapenda bluu na nyeusi. Wataalamu wakitaka kumuua wanatundika porini vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyopakwa dawa, naye anavifuata mwenyewe. "Wewe umejitundika mwenyewe," mzee akasema, "na dawa hukujipaka. Umewaletea chakula hadi mlangoni."

Kisha akaingia ndani, akatoka na vazi lake la kurinia asali. Tabora ni nchi ya nyuki, tuna hata chuo cha ufugaji nyuki, na mzee huyu alikuwa amejikamilisha: ovaroli jeupe toka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, glavu, na kofia yenye wavu unaofunika uso mzima. "Msimu wa kurina umepita, halina kazi. Nenda nalo, ulirudishe. Na hiyo jezi ibaki hapa rehani. Wazaramo nawajua."

Kurudi sikuumwa hata mara moja. Mbung'o walitua, wakatafakari, wakaondoka. Jua la Septemba lilikuwa jambo jingine. Nilikuwa naiva humo ndani kama kande, lakini naiva kwa amani. Kilichobaki ni kwamba hakuna kati yetu kumi na wawili aliyewaza tunaonekanaje.

Hebu kaa wewe barazani kwako, kijiji kimezungukwa na msitu wa mizinga. Ghafla wanatokea watu kumi na mmoja wameinama juu ya usukani, wanakanyaga kwa nguvu zote, jasho linawatiririka. Nyuma yao, mita thelathini, anakuja mrina asali aliyevaa kamili, naye anakanyaga kama anakimbia kifo. Utasubiri maelezo?

"Nyuki! Nyuki haooo!"

Bodaboda waliacha pikipiki zao kijiweni. Mama mmoja alimfunika mtoto khanga mbili na kuingia naye chini ya mkokoteni. Kijana akaanza kuwasha majani apate moshi. Kapteni kule mbele akadhani tunashangiliwa. Akapunga mkono, akapuliza filimbi ndefu, na wale wachache waliokuwa bado wanasitasita nao wakakimbia.

Simu ina mwendo kuliko baiskeli. Tulipofika Sikonge, saa 8 mchana, njaa imetufanya hatuongei, kwa mama lishe tulikuta mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na sufuria la ugali linaungulia motoni peke yake.

"Mama! Sisi wateja wako wa asubuhi!"

"Wateja gani? Na huyo wa nyuma?"

"Mwenzetu."

"Nyuki wako wapi?"

"Hakuna nyuki, mama."

"Kama hakuna, kavaa ya nini?"

Wakageuka kunitazama, wote kumi na mmoja. Sijawahi kutazamwa hivyo hata siku ya mahari. Ikabidi nisimame katikati ya uwanja nivue, mama aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu. Nikatoa kofia, nikashusha ovaroli hadi kiunoni. Ndani sikuwa na shati, jezi iko rehani. Kidirisha kikafunguka upana wa jicho moja. Mama akauona mgongo wangu, mabega yangu, yale mapele ya mbung'o yaliyovimba kama maandazi.

"Mungu wangu, wameshamng'ata!" Kidirisha kikafungwa, safari hii na komeo.

Ilibidi Nesi aende mlangoni, aongee kwa sauti ile ya wodini. Robo saa nzima. Tulikula ukoko, na ukoko ule nilidaiwa mimi peke yangu.

Tabora tuliingia saa 12 na dakika 50 jioni. Kapteni akaangalia saa yake, akahesabu, akasema tumezidisha dakika 20, kwa Wafaransa hapo hatuhesabiwi. Akaenda zake bila kuniaga.

Juzi nimempigia mzee simu kumwambia vazi lake nalituma na basi la kesho, jezi yangu ampe kondakta.

"Usiwe na haraka, mtani," akasema. "Nimeitundika pale zizini, nikaipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inaua vizuri sana. Hivi, hukununua na kaptula yake?"