Fensi ya kiwanja Dodoma: anza na bikoni, urefu baadaye

Mazungumzo kuhusu fensi za makazi Dodoma hukimbilia urefu. Mwenye kiwanja Nzuguni au Iyumbu anataka ukuta wa tofali unaopita kichwa cha mtu. Wanaotetea mpangilio wa mji wanataka upande wa barabara ubaki mfupi au wenye matundu. Kila upande una hoja. Ila kinachogombanisha majirani na kinacholaza kuta msimu wa mvua mara nyingi si urefu, ni mahali msingi ulipokaa na njia ambayo maji yamefungiwa.

Tuanze na mwenye kiwanja, kwa sababu hitaji lake ni la kweli. Mji huu umekua katikati ya wafugaji. Mbuzi wakipita kwenye kiwanja kilicho wazi, miche iliyomwagiliwa kiangazi chote inaisha asubuhi moja. Kiwanja kisicho na mpaka hugeuka njia ya mkato, kisha jalala, kisha watu wanaanza kuchota mchanga. Bikoni nazo, yaani mawe ya mpima yanayoonyesha mpaka, hung'olewa. Kuing'oa ni kosa kisheria, lakini kumpata aliyeing'oa ni kazi nyingine kabisa. Kumwambia mwenye kiwanja huyo apande maua tu ni kutomsikiliza.

Hata hivyo ukuta mzima haufanyi yote unayodhaniwa kufanya. Mwizi akisharuka, mtaa haumwoni tena. Upepo wa Dodoma ukigonga ukuta usio na tundu hupanda juu na kujipinda upande wa pili, vumbi likashukia uani. Kizuizi kinachopitisha upepo kidogo hutuliza eneo refu zaidi nyuma yake. Kwenye kona ya barabara mbili, ukuta mrefu humfanya dereva aingize boneti barabarani kabla hajaona kinachokuja. Hapo pembe ikatwe, mita 3 kila upande, au sehemu hiyo isizidi mita 1. Hili halina cha kujadili, kwa sababu anayegongwa hapo ni mtoto wa mtaa.

Sasa msingi. Ukuta wa tofali za inchi 6 una unene wa sentimita 15, lakini zege la chini huwa na upana wa kama sentimita 60. Fundi akivuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni na kulinganisha uso wa nje wa ukuta na kamba hiyo, juu kila kitu kinaonekana sawa, kumbe chini zege limeingia kwa jirani sentimita 22 na ushee. Siku jirani naye anachimba msingi wake, sululu inagonga zege, na ugomvi umeanza. Kusogeza ukuta ukingoni mwa zege si dawa, utaegemea. Ama rudisha mstari wa ukuta ndani sentimita 25, ama kubalianeni ukuta wa pamoja unaokaa katikati ya mpaka, gharama nusu kwa nusu, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kabla ya yote, mwite mpima athibitishe bikoni kwa vipimo vya ramani ya upimaji. Jiwe lililopo leo si lazima liwe pale lilipozikwa.

Upande wa barabara, usipime kwa ukingo wa lami. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi, yaani eneo lisilojengwa, ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya mitaa iliyopangwa, upana uko kwenye ramani ya mipango miji. Ukuta uingie kwenye mchoro unaoombewa kibali Halmashauri ya Jiji, na geti lifungukie ndani.

Maji ndiyo hoja inayosahaulika zaidi. Mvua za Dodoma ni chache, lakini hunyesha kwa kishindo juu ya ardhi tupu. Ukuta uliokatiza mkondo huwa bwawa kwa saa moja, na tofali hazikujengwa kubeba bwawa. Acha matundu usawa wa ardhi kila mita 2 au 3 upande wa mteremko. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, chimba hadi upite tabaka hilo au ufunge mkanda wa zege wenye nondo. Nguzo kila mita 3, nondo 4 za milimita 12, na nafasi ya kutanukia kila baada ya mita chache.

Kiwanja cha mita 20 kwa 25, ukitoa geti la mita 4, kina mita 86 za ukuta. Kila kozi, yaani mstari mmoja wa tofali, inakula takriban tofali 185, kwa hiyo kozi 9 ni zaidi ya 1,650 bila msingi. Kozi mbili za juu peke yake ni tofali 370. Wengi wakiishiwa hupunguza saruji ya msingi badala ya kupunguza kozi hizo, na hapo ndipo ukuta unapoanza kufa.

Kwa hiyo masharti yawe makali kwenye mstari wa mpaka, kona na maji, yalegee kwenye urefu wa pembeni na nyuma. Mbele, tofali hadi mita 1 na juu yake grili au tofali za matundu inatosha. Asiye na fedha atumie seng'enge na michongoma. Minyaa inastahimili ukame, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, usipandwe watoto wanapochezea.

Mgogoro ukizuka, baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha. Uamuzi unatoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na ramani ya upimaji na makubaliano ya maandishi. Na kila Novemba, kabla mvua hazijaanza, zibua matundu ya maji, fukia palipochimbika pembeni mwa msingi, na tazama nyufa za mshazari karibu na nguzo za geti.