Mita Mbili Juu ya Mkonge

Mimi ni dereva wa Noah, Mombo–Lushoto. Zile kona za mlimani nazipiga hata nikisinzia. Kwa hiyo jamaa wa mashindano ya kuruka kwa miavuli walipokuja kukodi gari, nilijua kazi ni kuwapandisha Irente tu, kwenye ukingo wa mlima wanaporukia, basi. Kumbe hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kuwafuata kwa chini na kuwaokota popote watakapotua.

Siku hiyo walipangiwa kwenda Same, kama kilomita 100 ukinyoosha mstari, bila injini wala pedeli. Na si kwenda tu: kwenye ramani kuna maduara, na usipoligusa duara hujapita, hata kama limekukosa kwa upana wa mkeka.

Mtu wangu alikuwa Mkenya wa kule Iten, juu ya Bonde la Kerio, ambako wenzake huruka sana. Nikamuuliza mtu anafikaje Same kwa kitambaa.

"Ni hewa moto," akasema. "Jua inapiga chini, hewa inapanda, unazunguka ndani yake kama tai. Ikiisha unateremka mpaka upate ingine. Ukiona ile vumbi inazunguka chini, hapo ndio mguu yake."

"Chamchela," nikamsaidia neno.

Sisi watu wa Tanga "mguu yake" hutukereketa masikio, lakini pesa yake ilikuwa sanifu kabisa.

Saa sita akakimbia hatua nne ukingoni, akaondoka. Mimi nikarudi Lushoto, nikazishuka kilomita 33 hadi Mombo. Nafika lami kubwa, simu inaita. Ametua.

"Wapi?"

"Kwa mkonge."

Kumwambia mtu wa Tanga uko kwenye mkonge ni sawa na kumwambia mvuvi uko kwenye maji. Nilimpata kwa kufuata watoto waliokuwa wakikimbia, mbele kidogo ya Mazinde. Alitua kwenye njia ya trekta, mkonge kulia, mkonge kushoto, bawa, yaani ule mwavuli wake, limetandazwa kama turubai la msiba. Akavua kile kiti chao cha mikanda, akaniambia anaingia vichakani kuchimba dawa.

"Chunga hii kitu. Usivae."

Hilo "usivae" ndilo lililoniponza. Mpaka analitamka, wazo la kuvaa sikuwa nalo.

Nikampa mtoto mmoja simu anipige picha ya kuweka WhatsApp. Mikanda ya mapajani ilibana mpaka funguo za gari zikanichoma. Begani kuna kifaa kidogo, ukipanda kinalia, na kadiri unavyopanda kwa kasi ndivyo kinavyolia haraka. Nikaweka mkono kiunoni. Mtoto akasema, "Baba, sogea kidogo kushoto."

Nikamwona anaangalia nyuma yangu.

Chamchela ilikuwa inakuja na njia ya trekta kama yenye tiketi, imebeba vumbi, makaratasi na mfuko mmoja wa rambo. Bawa likavuta pumzi. Kifaa kikasema pi. Kikasema pi, pi. Kisha pipipipi, na ndala yangu ya kulia nikaiona chini, peke yake.

Sikukaa juu muda mrefu. Niliteremka kwa mgongo, nikaburutwa, na breki yangu ikawa mkonge wenyewe. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi, mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Yule Mjerumani, Hindorf, aliyeuleta mkonge nchini mwaka 1893, inasemekana miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Nina hakika yote 62 nilikutana na wajukuu zake alasiri ile, na kila mmoja alinisalimia kwa zamu.

Akatokea mkata mkonge na panga lake. Nikapiga kelele asikate kamba, maana bei ya lile bawa nilishaisikia. Akasimama, akanitazama nilivyoning'inia, akauliza kwa upole:

"Kaka, na wewe uko mashindanoni?"

"Ndiyo," nikasema. Ungejibu nini?

Mkenya akarudi anafunga mkanda. Hakunigombeza. Alianza kukagua kamba, moja moja, zote, ndipo akanikagua mimi. "Nilisema usivae." Nikaendesha mpaka Lushoto nimeinua kalio moja, na kona za kulia na za kushoto zilikuwa na maumivu tofauti.

Jioni msimamizi akachomeka kile kifaa cha begani kwenye kompyuta, maana kumbe kinarekodi njia yote. Mstari ukatoka Irente vizuri, ukashuka, ukasimama kwenye mkonge. Kisha, dakika kumi na mbili baadaye, ukapanda mita mbili, ukapinda, ukaishia pembeni.

"Hapa uliruka tena?" msimamizi akauliza.

Mkenya hakuinua hata macho kwenye kikombe cha chai.

"Hapana. Hiyo ni dereva."