Sahani inasema dawa inaua, panya je?

Asubuhi mtaalamu wa maabara anafungua sahani ya kuoteshea bakteria aliyoilaza usiku kucha kwenye nyuzi joto 35. Bakteria wametanda kama ukungu, ila kuzunguka kidoto cha karatasi chenye antibiotiki ya enrofloksasini pamebaki duara tupu, pana. Anaweka rula, anasoma milimita, anaandika: dawa inamuua. Bakteria huyo ni Rodentibacter pneumotropicus, zamani akiitwa Pasteurella. Panya wengi wa maabara humbeba puani wakiwa wazima, lakini kwa wale wenye kinga dhaifu huzua majipu na homa ya mapafu. Sasa watibiwe, au wauawe wote na koloni, yaani kundi la panya wa maabara, ianzishwe upya?

Wanaotaka kutibu wana hoja. Kama panya wa jeni fulani hawapatikani kwingine, kuwaua ni kutupa kazi ya miaka. Tena wapo watafiti walioripoti kumtokomeza bakteria huyu kwa enrofloksasini iliyotiwa kwenye maji ya kunywa.

Hayo maji ndiyo yananitia shaka. Panya mdogo hunywa kama mililita 4 au 5 kwa siku, zaidi usiku. Maji machungu huyasusa, na mgonjwa, mwenye shida ya dawa kuliko wenzake, ndiye anayekunywa kidogo. Hata mipaka ya milimita inayotenganisha bakteria sugu na asiye sugu imeazimwa kwa binadamu na mifugo. Haikuwekwa kwa ajili ya kiumbe wa gramu 25.

Halafu kuna utumbo. Mei 1940 huko Oxford, mtafiti wa penisilini Howard Florey aliwaambukiza panya wanane bakteria aina ya streptokoki. Wanne waliopewa penisilini waliiona asubuhi, wanne wasiopewa walikufa usiku huohuo. Angetumia simbilisi, huenda dawa ingeishia kabatini, maana penisilini huwaua: inafyeka bakteria wema wa utumbo na kumwachia uwanja bakteria mwenye sumu, Clostridium difficile. Sahani haina utumbo wa kukuonya.

Mimi niko upande wa kuhamishia viinitete kwa mama safi. Ni ghali, inachukua miezi, lakini uchafu unabaki nyuma. Dawa naikubali kama ya kuvushia tu, panya wa thamani wabaki hai hadi viinitete vipatikane, tena iandikwe kwenye ripoti ya utafiti, kwa sababu panya aliyekunywa antibiotiki wiki mbili ana utumbo mwingine na huenda kinga nyingine. Na anayeamua kutibu asishangilie kipimo safi cha siku dawa inapokoma. Asubiri wiki kadhaa, achukue sampuli za koo tena.