Shaba ya Chicago haikuwa ya mshindi wa tatu
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba medali ya shaba ya Maonesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893 ilitolewa kwa washindi wa tatu, na kwamba ndiyo maana wakusanyaji huipuuza. Hapo mwandishi ameteleza. Chicago haikutoa dhahabu wala fedha: kila aliyetunukiwa alipata shaba ileile yenye upana wa milimita 76, tofauti na maonesho ya Paris ya mwaka 1900, ambako madaraja yalikuwapo kweli. Ninayo moja, niliyoinunua bila kasha lake la alumini, na kila nikiishika naona jinsi upande wa Columbus akitia mguu nchi kavu, kazi ya mchongaji sanamu Augustus Saint-Gaudens, ulivyojaa uhai ambao upande wa nyuma wa Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, haukuufikia (Saint-Gaudens alikwisha kubuni upande huo pia, lakini mchoro wake wa kijana aliye uchi ukakataliwa). Anayenunua atazame kwanza jina la aliyetunukiwa, lililo katika kibao kidogo nyuma. Kwenye yangu, mtu aliyetaka ing'ae ameisugua hadi herufi mbili hazisomeki. Je, wenzangu, mnaisafisha shaba ya zamani au mnaiacha na weusi wake?