Kimathi wa kwenye machela na Kimathi wa kizimbani

Kuna picha moja ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ambayo karibu kila Mkenya ameiona, ile amelala kwenye machela, mikono iko pingu, nywele zake za msituni zimesokotana. Hiyo picha haikupigwa ndio tumkumbuke. Serikali ya mkoloni iliichapisha kwa vikaratasi zaidi ya 120,000 ikavisambaza, watu waone mkubwa wao ameangushwa wavunjike moyo. Na mimi nakasirika kila nikiona mchezo wa kuigiza kuhusu Kimathi halafu picha hiyo hiyo imewekwa kwa skrini kubwa nyuma ya jukwaa, eti ndio watazamaji waelewe mateso yake!

Nasema hivi kwa sababu tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, ile Kiswahili chake kinaitwa Mzalendo Kimathi, ilishafanya kazi ya kuitoa picha hiyo machoni petu. Mle ndani Kimathi amesimama. Yuko kizimbani, minyororo mikononi na miguuni, anasomewa shtaka la kupatikana na bastola bila leseni, na hajibu kitu. Hebu fikiria hilo shtaka, leseni! Tangu Oktoba 1952 Mwingereza amepeleka majeshi, ndege zake zimemwaga mabomu Aberdare na Mlima Kenya, lakini vita hataki kuviita vita, anasema ni hali ya hatari tu, kwa sababu akikubali ni vita basi huyu aliyemshika ni mateka wa vita na mateka hanyongwi kwa kukosa leseni. Sasa Kimathi hana haja ya kuhutubia hayo yote, wewe mtazamaji unaona huku wazungu wamekaa kwa viti vizuri, kule Waafrika wamebanana kwa mabenchi, katikati mtu na minyororo yake amenyamaza, na wewe mwenyewe unajua kinachoendelea hapo si kesi.

Mchezo huu niliuona mara ya kwanza nikiwa shule, kwa holi ya kulia chakula, na mwalimu wa drama alikuwa ametafuta mnyororo wa chuma wa kweli. Mpaka leo sikumbuki sentensi hata moja aliyosema yule kijana aliyeigiza Kimathi lakini mnyororo naukumbuka, vile ulikuwa unaburutika kwa sakafu kila akisogea hatua moja, na vile alianza kusogea kidogo kidogo ndio usilie, nikaona kumbe mfungwa hata mwili wake anaanza kuutumia kwa hesabu. Hiyo nisingeisoma kwa kitabu cha historia.

Halafu kuna zile sehemu za selo. Wanamwendea huko mmoja baada ya mwingine, mwenye benki, mfanyabiashara, mwanasiasa, kasisi, kila mtu na bei yake ya kumnunua. Mi nadhani hapa ndio waelekezaji wengi wanaharibu, wanamfanya Kimathi azunguke zunguke akipiga kelele. Wangemwacha tu mahali pamoja! Aliyefungwa ametulia, walio huru ndio wanahangaika kumzunguka wakimbembeleza, na hapo mtu anaona nani ameshikwa na nani. Wakishindwa na pesa ndio kinakuja kipigo, na hicho pia kisizidishwe rangi nyekundu, mgongo mmoja umeinama unatosha.

Na bunduki je? Kule kortini bunduki ni ushahidi wa kumnyonga. Nje, mhusika anayeitwa tu Mwanamke ameficha yake ndani ya mkate, mvulana na msichana wanaibeba bila kujua, na mwisho kabisa hao watoto ndio wameishika wawili kwa pamoja. Mkate, jamani, kitu cha kila asubuhi mezani.

Kimathi wa kweli alinyongwa Februari 18, 1957, jukwaa haliwezi kulifuta hilo. Lakini mchezo huu ulipoonyeshwa Kenya National Theatre Oktoba 1976, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba wakapita katikati ya viti, watazamaji wakainuka wakawafuata, wakatoka wote mpaka nje wakicheza, na hapo hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu wa kwenye machela.