Saa Moja ya Jumatano

Kila Jumatano saa nane mchana, hapa Birmingham, daktari bingwa wa magonjwa ya akili anayenisimamia masomoni hufunga mlango na kuzima simu. Saa nzima ni yangu. Haanzi kwa kuuliza nimeandika dawa gani. Huuliza, "Yule mgonjwa alikuachia nini moyoni?" Wiki ya kwanza nilinyamaza tu. Sikuwahi kuulizwa hivyo.

Siwadharau walimu wangu wa Kenya hata kidogo. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1910, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha uzamili wa magonjwa ya akili mwaka 1982. Wagonjwa walitutangulia kwa miaka 72, na hatujawafikia bado. Kwa mwezi mmoja nyumbani niliona kifafa, malaria iliyopanda kichwani, vijana walioharibiwa na bangi, mama aliyechanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua. Macho yangu yalinoleka huko, si Uingereza.

Lakini nilinoleka peke yangu. Mkufunzi mmoja alikuwa na wodi, mihadhara na kesi za mahakamani. Raundi tulizunguka mbiombio. Kijana niliyemhudumia alipojiua, niliambiwa nimalizie faili, wengine wanangoja. Nililia kwenye matatu mpaka nikapitiliza kituo. Na karo nilijilipia, kwa kukesha zamu za usiku kwenye kliniki za watu. Hapa daktari anayesomea ubingwa analipwa mshahara. Ndiyo maana tunaondoka, na inauma kuitwa wasaliti.

Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Naliunga mkono. Ila kila mjadala ninaousikia ni wa idadi ya madaktari na vitanda. Mimi naomba saa ile. Haihitaji mashine wala jengo. Inahitaji mkufunzi apunguziwe mzigo ili akae na mwanafunzi wake.

Tena wakae kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Kaloleni aliniambia, "Daktari, moyo wangu umelala." Nikaandika neno la Kiingereza la kitabuni, na kauli yake haimo popote kwenye faili. Nilipomsimulia bingwa wangu, aliniomba niitamke kwanza alivyoitamka yule mama.

Siku hizi Jumapili jioni nampigia simu daktari mwenzangu mdogo aliyeko masomoni Nairobi. Nafunga mlango, namuuliza lile swali. Juzi tulifika dakika ya ishirini, akaitwa wodini.