Lango wazi, ukumbi mtupu: wachoraji, mpira na watu 27,000 wa Kasarani

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025 tulikuwa na ufunguzi wa maonyesho ya picha huku Nairobi, na mimi nilikuwa nimetundika kazi tatu. Kadi ilisema saa tisa. Saa tisa na nusu tulikuwa watu kumi na watatu ukumbini, tisa kati yetu wachoraji wenyewe. Umati ulikuwa langoni. Soja wa jengo, madereva wawili wa teksi, mama anayeuza maua ng'ambo ya barabara, vijana wa boda na yule dada aliyepaswa kutugawia juisi, wote walikuwa wameinamia simu moja iliyoegemezwa kwenye tofali. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa wakicheza na Morocco kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Ryan Ogam alipofunga kabla ya mapumziko, kelele za lango zilitufikia ndani tukiwa tumesimama mbele ya picha, bilauri mkononi, tunatazamana.

"Mpira umetumaliza," akasema mzee wetu mmoja wa brashi, mtu ninayemheshimu.

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi tangu siku ile, na kadiri Kombe la Afrika la 2027 linavyotukaribia ndivyo inavyozidi kuwa kali. Si kauli ya kijinga. Naomba kuipa haki yake kwanza, ingawa mtakaonisoma mpaka mwisho mtajua moyo wangu umelalia wapi.

Hoja ya wachoraji inaanzia kwenye pesa. Kenya ina mfuko mmoja wa umma unaobeba majina yetu sote: Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Jina "Sanaa" limekaa katikati kama mtoto wa kati, anayepewa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Julai 2025 hati fungani ya zaidi ya shilingi bilioni 44 iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi ili kujenga uwanja wa watu 60,000 pale Jamhuri, na deni hilo la miaka 15 limeegemezwa kwenye mapato ya mfuko huo huo. Uwanja wenyewe ulipewa jina la Talanta. Mchoraji anayelipia studio ya mabati kwa mwezi anausoma mkataba huo kwa jicho lake: sanaa imetiwa saini kuwa mdhamini wa deni la mpira, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha kuna suala la ujirani. Kenya, Uganda na Tanzania ziliomba Kombe la 2027 kwa jina moja la Pamoja, zikapewa Septemba 2023. Sanaa nayo ina tamasha lake la Afrika Mashariki, JAMAFEST, lililoanzia Kigali mwaka 2013, likaja hapa Nairobi 2015, likaenda Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019, kisha Bujumbura 2022. Muulize mtu yeyote kwenye foleni ya matatu pale Ambassadeur kama anakumbuka lilipokuja Nairobi. Mimi mwenyewe, ambaye hii ndiyo kazi yangu, nililisikia likiwa limeshaanza. Wenzetu wa vituo vya sanaa, Nafasi kule Dar na 32° East kule Kampala, tunafahamiana kwa sababu ya ukaidi wa watu wachache wanaopanda basi na turubai zilizokunjwa. Kwa mpira, marais watatu walitia mkono.

Hayo yote ni kweli. Ninapoachana na wenzangu ni pale wanaposema kwamba mpira ndio uliotuibia watu.

Hebu tuirudie ile mechi ya Morocco. Kwenye uwanja wa Kasarani siku ile mashabiki wasio na tiketi walisukumana mpaka malango yakashindwa. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikakasirika, ikatoza faini, na kwa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia ikatuadhibu: uwanja usiingize zaidi ya watu 27,000.

Namba hiyo imenikaa kichwani kama wimbo wa tangazo la sabuni. 27,000, na ndiyo adhabu. Ndiyo idadi unayopewa ukikosa adabu. Nimejaribu kuipima kwa kipimo chetu. Tuseme ukumbi mzuri wa picha hapa mjini unapata wageni 60 kila siku, na hapo nimekuwa mkarimu mno. Ungehitaji siku 450, bila kufunga Jumatatu wala Krismasi, kuwafikisha watu ambao CAF iliwahesabu kuwa ni wachache. Sisi tukipata 270 kwenye ufunguzi tunapigiana simu usiku kucha. Halafu kuna kinachoniuma zaidi ya hesabu: wale waliovunja lango walikuwa wakilazimisha kuingia mahali penye kiingilio. Kwetu kiingilio ni bure, lango liko wazi, na soja mwenyewe aliyelifungua hajawahi kuingia ndani kuangalia kilichotundikwa. Siku ile nilimuuliza. Miaka minne kazini pale. "Hiyo ni ya wenyewe," akanijibu, bila chuki hata kidogo.

Hapo sioni wizi. Huwezi kuibiwa mtu ambaye hukuwahi kumkaribisha. Kumbi zetu nyingi ziko nyuma ya ua wenye maua, Lavington au ndani ya jengo la maduka, mahali ambapo mtu wa kutoka Kayole akishuka matatu anaulizwa anakwenda kwa nani. Mpira ulifanya kinyume. Ulikwenda Kayole. Uliingia kwenye kibanda cha mabati, ukawekewa benchi za mbao na televisheni moja, na nje ukaandikiwa ratiba kwa chaki kwenye ubao mweusi. Nafahamu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika ratiba hizo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ubao wa kibanda cha video mtaani kwetu, na ya pili nembo za timu kwenye ukuta wa kinyozi wa jirani. Sikusomea kivuli na mwanga chuoni. Nilijifunza kwa kuchora mzinga wa Arsenal uonekane wa chuma. Na siko peke yangu. Kikundi cha Maasai Mbili kule Kibera kilianzishwa na waandika vibao, na leo hakuna anayezungumzia sanaa ya Nairobi akawaruka.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, simama kando ya barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni. Matatu zinazopita zimechorwa wanamuziki, wahubiri, na wachezaji wa mpira, wakubwa kuliko dirisha. Sheria za 2004 zilizifuta rangi hizo zikaacha ufito wa njano peke yake, na baada ya ruhusa kurudi miaka kumi baadaye, nyuso za wachezaji nazo zilirejea barabarani. Hayo ni maonyesho yanayotembea kutwa, na mpira umelipia sehemu yake.

Lakini mfano unaonishika kuliko yote ni isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wataalamu walikuwa na sababu zao: wazee wanapungua, vijana wanahamia mjini, shughuli za kuichezea zinapungua. Sasa nenda ukatazame AFC Leopards, klabu ya mpira yenye mizizi ya Waluhya, ikicheza. Zile ngoma tatu, ile kubwa na zile ndogo, zinaingia uwanjani kabla ya wachezaji. Vijana waliozaliwa Nairobi, wengine hata Kiluhya chao ni cha kuombea maji, wanapiga mdundo huo dakika tisini bila kusomea kokote. Hakuna wizara iliyowatuma. Najua msomi ataniambia kwamba isukuti ya jukwaani si isukuti ya harusini, kwamba maneno yamebadilishwa na matusi ya kuwatukana mahasimu wao Gor Mahia yameongezwa. Sawa. Lakini kitu kinachotukana bado kinapumua.

Tena mpira una jambo ambalo sanaa yetu haina, nalo ni mtu wa kukasirika. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya Venice lilijazwa kazi za Wachina na Waitaliano, Wakenya wakiwa wa kuhesabika kwa vidole. Tulinung'unika wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2015 mpango kama huo ukarudi vilevile, na safari hii ni wachoraji waliopiga kelele mpaka serikali ikajitenga nao. Mpaka 2017 ndipo Wakenya walipokwenda kwa jina lao. Sasa fikiria Harambee Stars ikiingia uwanjani na wachezaji saba kutoka Milan na Shanghai. Ingerudi kufanya hivyo mechi ya pili? Basi lisingetoka hotelini. Mama mboga anajua nani anacheza namba sita na kwa nini asiachwe nje. Yule aliyetupangia kikosi cha Venice alijua kwamba hakuna mama mboga wa kumuuliza.

Hapa mzee wetu wa brashi ana jibu, na ni jibu zuri. Alinikumbusha kwamba Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya, kwa sababu serikali iliingilia shirikisho baada ya tuhuma za pesa, na tukakaa nje mpaka Novemba. "Hao mashabiki wako wenye hasira walikuwa wapi shirikisho lilipoharibika?" akaniuliza. Kweli, hasira ya jukwaani inamfikia kocha na kipa. Kwenye ofisi yenye zulia haifiki kwa urahisi. Akaongeza la kamari: ule mfuko wa michezo na sanaa unalishwa na kodi ya kubeti, yaani na kijana aliyeweka nauli yake kwenye mechi ya ligi ya Ulaya asiyoweza hata kutamka majina ya timu zake. Hapo sina cha kumjibu. Sipendi kwamba rangi yangu inaweza kununuliwa kwa hasara ya mtoto wa jirani. Ila ukweli huo unaikata hoja yake pia: pesa anazosema mpira umetunyang'anya, kwa sehemu kubwa, zilitoka kwa mpira.

Hivyo sisemi deni la Talanta ni jambo la kushangilia. Tunapaswa kudai, kwa sauti na kwa wakili, sehemu ya sanaa itajwe kwa hesabu. Ukuta wa uwanja ule una mita ngapi? Nani ataupaka rangi, na kwa bei gani? Nauliza kwa sababu nimewahi kuitwa kwenye mradi wa ukuta, sitaji wa nani, nikaambiwa malipo yangu ni "kuonekana". Nilionekana. Mwenye nyumba hakuniona. Kama wachoraji tungekuwa na madai hayo ya mita na shilingi mezani tangu 2023, badala ya kulalamikia shangwe za watu, labda tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Ninachokataa ni ile dharau ndogo iliyojificha ndani ya malalamiko yetu: kwamba anayelia Madagascar wakitutoa kwa penalti hana macho ya kuona picha. Nilikuwa kibandani usiku ule wa robo fainali. Baada ya penalti ya mwisho watu hawakuondoka. Walikaa kwenye zile benchi karibu saa nzima wakichambua, kwa ushahidi, nani alisimama wapi, kivuli cha nani kilimziba nani, mwili wa mpigaji ulikuwa umeelekea upande gani kabla ya mguu. Sijawahi kusikia picha yangu ikisomwa kwa makini ya namna hiyo, na nimesomwa na watu wenye digrii.

Mwenye kibanda alinipa ukuta wa nje nichore bao la Ogam dhidi ya Morocco. Sehemu ya pesa alinipa taslimu, iliyobaki ni chai na kiti cha mbele mpaka 2027. Nilichora siku mbili. Siku ya pili jioni mtoto wa darasa la sita alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akasema, "Baba, huo si mguu aliopigia." Wakaja watatu, wakaja kumi, wengine upande wangu, wengine upande wa mtoto, mpaka mmoja akatoa simu tukaitazama video mara nne. Mtoto alikuwa sahihi. Nilirudi asubuhi na rangi nyeupe, na nilipofika saa moja walikuwa wamefika kabla yangu, wamekalia ndoo zao, wanasubiri kuona kama nitaupata.